Mwalimu Tatu, Bintiyo Bado Ana Wivu

Mama yetu, Mwalimu Tatu Sufiani, mwaka umekatika tangu tulipokusindikiza Mkata ukalale karibu na wazazi wako. Mahindi uliyoyaacha shambani tulishayavuna na kuyala, na mengine yameshaota. Asubuhi nyingine Baba bado anakuita kuuliza miwani yake iko wapi, halafu anakumbuka, anaitafuta mwenyewe.

Sisi wengine tumeanza kuzoea. Ambaye hajazoea ni Zamda, mwanao wa kwanza, na leo ndiye tunayemsemea zaidi. Zamda hana majonzi peke yake, Mama. Ana wivu. Ana wivu na wanafunzi wako tangu akiwa mtoto, na sasa ana mtoto wake mwenyewe lakini haujamtoka.

Miaka thelathini na mmoja ulifundisha darasa la kwanza kusoma, mwanzo kwenu Mkata, kisha Ngombezi, kwa watoto wa kambi za mkonge. Wenzako walikimbilia madarasa ya juu, wewe hukuomba hata siku moja. Fimbo yako ilikuwa ya kuonyeshea silabi ubaoni tu. Mtoto akikwama ulimwambia, "Rudi nyuma, mwanangu, neno halijakimbia." Zamda hukumfundisha. Ulimwandikisha hapa hapa Masuguru kwa mwalimu mwingine, ukasema mtoto akifundishwa na mama yake anadeka. Alijua kusoma mapema kuliko wenzake wote, na siku aliyosoma kwa mara ya kwanza wewe ulikuwa Ngombezi.

Tena ulikuwa na desturi yako. Mtoto akisoma peke yake kwa mara ya kwanza bila kusaidiwa, ulitoka naye shuleni ukamfikisha kwao. Alisimama mbele ya wazazi wake akasoma, wewe umekaa kwenye kigoda unamwangalia. Nyumba ile ilikukaribisha kwa ilichokuwa nacho, mihogo ya kuchemsha au yai na chai ya rangi, nawe ulikula ili usiwavunje moyo. Ulirudi jioni umeshiba, na Zamda wa miaka kumi ameshasonga ugali na kuufunika. Siku moja ulimwambia umekula kwa akina Efrazia. Zamda hakumjua huyo Efrazia, lakini kuanzia jioni ile alimchukia.

Efrazia akakua, akawa karani wa mizani kwenye kiwanda cha mkonge, na hakukuacha. Kila Idi alikuja na mkungu wa ndizi, yeye Mkristo, akakupigia magoti na shikamoo yake, na Zamda akaenda jikoni kugonganisha sufuria. Ulipolala kitandani na macho yako yakawa hayaoni tena maandishi, uliagiza aitwe Efrazia aje akusomee gazeti. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, na wewe ulikuwa unatabasamu. Zamda alikuwa amesimama pale pale na kikombe cha uji mkononi.

"Kwani mimi sijui kusoma, Mama?"

"Wewe unajua, mwanangu. Huyu nataka nimsikie."

Neno hilo lilimkaa rohoni. Siku ya arobaini, tulipogawana nguo zako, Efrazia aliomba kanga moja tu, ile kuukuu uliyokuwa ukijifunga ukienda kazini. Zamda akamjibu mbele ya shangazi zetu wote: "Mama yangu amezaa watatu. Wewe wa nne umetokea wapi?" Efrazia alisema samahani dada, akachukua mkoba wake akaondoka kabla chakula hakijapakuliwa. Tuliona haya, Mama, na hakuna aliyenyanyuka kumfuata. Hilo utusamehe sote, siyo Zamda peke yake.

Wiki mbili zilizopita tulikaa kuandika maneno haya. Mwenye mwandiko ni Zamda, kwa hiyo kalamu alishika yeye. Baba akamwambia kwenye watoto aandike na Efrazia. Zamda aliweka kalamu mezani, akasema jina hilo likiingia, basi lake litoke. Alikuwa hatanii. Baba hakubishana naye. Alisema tu kwamba kabla ya kuamua nani ni mtoto wako na nani siye, aende kwanza Ngombezi akaombe radhi kwa ile siku ya nguo, na karatasi itasubiri.

Zamda alipanda bodaboda amenuna. Efrazia alimpokea vizuri, akamfutia kigoda vumbi, akamwita dada kama kawaida yake. Radhi ilitoka kwa taabu, lakini ilitoka. Ndipo Efrazia akacheka kidogo, akasema jambo ambalo nyumbani kwetu hatukuwahi kulisikia.

"Dada Zamda, sisi watoto wa kambini ndio tuliokuwa na wivu na wewe. Tulikuchoka. Kila kadi ya kusomea ilikuwa wewe."

Akamweleza kadi zile za manila ulizozikata mwenyewe ukazifungia kwenye kabati la shule. Zamda ana jino jipya. Zamda anaogopa bata. Zamda amevaa gauni la Idi. Watoto arobaini na kitu walijifunza kusoma kwa kumsoma yeye, na kila mmoja alitamani kadi moja, moja tu, iwe na jina lake. Kadi ya mwisho, ile waliyokuwa wakiisoma mbele ya wazazi wao, iliandikwa: Zamda anamsubiri mama.

"Niliisoma, baba yangu akapiga makofi," Efrazia alisema. "Halafu nikamuuliza mwalimu, mbona unakula huku na Zamda anakusubiri? Akasema, 'Zamda atasubiri, yule ni wangu. Wewe nisipokuleta leo kwa baba yako, kesho utakuwa unafunga mkonge.' Na kweli, baba alikuwa ameshaamua niache shule nikafunge mkonge."

Zamda alilia pale pale, Mama, na kilio chenyewe nusu kilikuwa cha hasira. Alitaka kujua kwa nini hukumwambia yeye hata mara moja. Alisema maneno ya kadi ile yalikuwa yake, na wewe ukayagawa kwa watoto wa watu. Efrazia alimshika mkono, na Zamda hakuutoa.

Aliporudi alitukuta uani. Kabla ya kutueleza yote hayo, aliingia ndani akatoka na karatasi.

"Namwandika Efrazia kwenye watoto," alisema. "Ila baada yangu."

Jumapili hii baada ya adhuhuri tutakusomea hitma hapa nyumbani Masuguru. Ndugu, jamaa, walimu wenzako na wote uliowafundisha, karibuni.

Unakumbukwa na mumeo, Muhidini. Watoto wako, Zamda, Efrazia, Muhsin na Ikram. Wajukuu zako, Rukaya wa Zamda na Glory wa Efrazia. Dada yako, Maryamu wa Mkata. Na majirani zako wote.

Maadamu tunaishi, Mama, tutakukumbuka.