Sauti Iliyobaki kwa Baba

Ngamiani, Tanga
9 Machi 1957

Dada yangu mpenzi Mwanasiti,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Pangani, na kikohozi cha Shangazi kimepoa. Sisi tunamshukuru Mungu, na leo namshukuru zaidi ya siku zote.

Uliniomba nikueleze ugonjwa wa Baba bila kukuficha. Ile saratani ya koo aliyochomwa kwa mionzi Nairobi imerudi. Daktari hakutaka kumpasua kabla ya kujua imefika wapi. Aliushika ulimi wa Baba kwa kitambaa, akaingiza kioo kidogo alichokipasha moto kisifanye ukungu, akamtaka aseme “iii”. Bwana Fanueli, msaidizi wake, akatufasiria kwamba upande mmoja wa kikoromeo haujongei tena. Shingo nayo ikapapaswa pande zote. Kesho yake Baba alinyweshwa uji mweupe kama chokaa, akapigwa picha ya eksirei uji ukishuka. Mwisho alitiwa usingizi, akachunguliwa kwa bomba na kukatwa vinyama vya kupimwa.

Jana tuliitwa kupewa majibu. Mimi sikuweza kuinua macho, Dada. Bwana Fanueli alisema ugonjwa haujaingia njia ya chakula wala tezi za shingo, na kifua ni safi. Kwa hiyo Baba anaweza kupasuliwa, na kuna tumaini kubwa la kupona. Ila kikoromeo chote kitaondolewa. Atapumulia tundu la shingoni, na sauti yake ndiyo basi. Mama akalia, kisha akamtania kwamba miaka yote alimwomba apunguze maneno, si ayamalize. Hata Baba alicheka.

Sasa lililonifanya niandike haraka. Baba ameridhia uolewe na Sadalla. Anasema alimkataa kwa kiburi tu, na mmwie radhi. Mama alimshauri aweke wakili wa kukuozesha. Akakataa, akanong'ona kwamba samaki wa Kigombe nzima amewanadi yeye, itakuwaje mwanawe aozeshwe kwa mdomo wa mtu mwingine?

Atapasuliwa Jumatatu, tarehe 18. Njooni kabla ya hapo, wewe na Sadalla. Tangu anong'one hayo jana hasemi neno tena, hata chai anaomba kwa kidole. Mama alipomuuliza kama koo linamuuma, alitikisa kichwa, akaonyesha kwa mkono upande wa Pangani.

Shangazi mpe shikamoo yangu. Mama anakubusu.

Mdogo wako akupendaye,
Asmahani