Kikombe cha Saa Nne

Robertson, 2 Februari 1998

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi na mume wangu Attie hatujambo, hofu ni kwenu. Mtoto ameanza kucheza tumboni, hasa nikiinama kuchuma zabibu. Kliniki wamebandika picha ya mtoto aliyedhuriwa na pombe akiwa tumboni. Mama, nilidhani ni mdogo wangu Klaasie! Sasa nakuuliza, usinune: ulipokuwa na mimba yake, ulikunywa ule mvinyo waliowagawia shambani kila siku kama sehemu ya ujira?

Mwanao, Grieta

Tulbagh, 9 Februari 1998

Grieta,

Marahaba. Tu wazima, ila goti langu. Nani kakutuma unichunguze? Muuguzi, eh? Kikombe cha saa nne tulikunywa sote, na cha mchana, na cha jioni, mwenye mimba na asiye nayo. Hata wewe nilikubeba hivyo hivyo. Klaasie aliharibiwa na homa ya uchanga. Waambie hivyo hao wenye picha zao.

Mama yako

Robertson, 15 Februari 1998

Mama,

Shikamoo. Sikutumwa na mtu. Kumbe ni homa tu! Umenitua mzigo. Barua yako nimemsomea Attie, tumecheka sana.

Mwanao, Grieta

Tulbagh, 8 Machi 1998

Grieta,

Leo sina salamu. Zaidi ya wiki mbili najiuliza, mzigo gani niliokutua? Asiyekunywa angekuwa na mzigo gani? Unakunywa wewe, na usibishe.

Mimi nilikudanganya. Klaasie hakuugua homa yoyote. Alizaliwa vile, kadogo, na daktari aliniuliza swali lako lile lile nikamwambia sionji. Ana miaka kumi na minne na asubuhi hii nimemfunga kamba za viatu. Sisi hatukuambiwa, mwanangu. Wewe umeambiwa. Acha leo hii, hata kama umeshakunywa. Ile barua yangu ya homa ichome.

Mama yako

Robertson, 16 Machi 1998

Mama,

Shikamoo. Ni kweli, kila Ijumaa na Jumamosi. Nimeacha siku ile niliyopata barua yako, na Attie hanimiminii tena. Muuguzi nimemwambia vikombe vyote, sikuficha hata kimoja. Hakunigombeza. Amesema kila siku nisiyokunywa inamsaidia mtoto, ila kwa yaliyopita hawezi kuniahidi kitu.

Naogopa, Mama. Njoo mwezi wa sita, uje na Klaasie. Nikijifungua, wewe ndiye utakayemtazama mtoto usoni kwanza, maana sura ile unaijua. Kisha uniambie, na safari hii usinidanganye.

Mwanao, Grieta