Upana wa Turubai

Kambi ya Mesquite Wells,
Arizona,
Machi 3.

Mdogo wangu mpendwa Orval,

Nisamehe kwa ukimya wa miezi mitatu. Najua umepiga simu mara nyingi bila kujibiwa, na kadi yangu ya Januari ilikuwa na sentensi mbili tu. Ingeletwa na mwanafunzi wangu, ningemrudishia aiandike upya. U hali gani? Goti limepona? Gazeti linasema huko Iowa theluji bado inafika madirishani. Mwambie mkeo Twyla asikuache uizoe peke yako, maana nakujua. Mimi ni mzima, nala vizuri, na nina habari ambayo sikutaka kuisimulia kabla ya kuimaliza.

Bila shaka unakumbuka tulivyokubaliana baada ya kumzika mume wangu Delbert. Ulitaka niiuze nyumba yetu ya magurudumu nije kukaa kwenu, katika chumba cha juu. Nikakuahidi kwamba nitaiuza siku itakapoharibika kitu nisichoweza kukitengeneza kwa mikono yangu. Ulicheka ukasema, "Dada, hiyo ahadi haifiki Krismasi." Imefika, na imepita.

Mwezi wa Januari turubai lilichanika. Nasema lile la juu ya chumba cha pembeni, kile kinachosukumwa nje kwa kitufe ili sebule ipanuke. Katika kadi nilikuandikia kwamba ni upepo. Turubai hilo lisipokuwapo, majani na mchanga hurundikana juu ya paa la chumba, na mvua moja tu ya jangwani hupenya hadi kwenye makochi.

Sijashuka hata ngazi kutazama uharibifu, jirani yangu Arvid Lindqvist akawa ameshafika na kiti chake cha kukunja. Huyu ni dereva mstaafu wa malori kutoka Manitoba. Hapa kambini ndiyo desturi: ukishika bisibisi tu, watu huja na viti na kahawa, na kila aliyeketi ni fundi. Nilipopanda juu ya paa, Arvid aliniuliza kama nimepanda kuanika nguo au kuvunja shingo. Nilimjibu kwamba shingo ni yangu na kiti ni chake, basi kila mtu ashughulike na mali yake.

Kitambaa kipya nilikiagiza kwa Dolores Ybarra, fundi mwenye gari la vipuri linalozunguka kambi zote za bonde hili. Fomu yake iliuliza: "Upana wa turubai." Nikapanda, nikakipima kitambaa cha zamani mara tatu, nikaandika futi kumi na mbili na inchi tisa. Kilipokuja kipya, kilikuwa kifupi kwa inchi tatu kamili.

Nilimwendea Dolores na hasira ya mwalimu aliyefundisha miaka thelathini na minane. Nikamweleza kwamba upana wa turubai ni upana wa turubai, na kwamba hakuna sarufi duniani inayoruhusu maneno hayo yawe na maana nyingine. Alinisikiliza hadi mwisho huku akijifuta grisi mikononi. Kisha akasema, "Mwalimu, sarufi yako safi kabisa. Ila kwetu sisi kitambaa peke yake si turubai. Turubai ni kitambaa, na bomba lake, na mikono yake miwili ya chuma. Unapima mkono hadi mkono, halafu mimi napunguza. Wewe ulishapunguza, na mimi nikapunguza tena!" Arvid, aliyenifuata makusudi ili asikose kitu, alicheka hadi akamwaga kahawa yake. Kwa siku nne hakuniita jina lolote ila Bi Upana.

Nilikosea, Orval. Neno ni la wanaolitumia kila siku, nami nililiingia kama mgeni asiyebisha hodi. Nikaagiza cha pili, safari hii nikiwa nimepima mkono hadi mkono.

Kazi yenyewe niliifanya asubuhi moja ya Februari isiyo na upepo. Ndani ya bomba mna springi iliyokazwa, ambayo hulikunja turubai chumba kinaporudishwa ndani. Ukiifungua bila kuizuia kwa pini, mkono wa chuma huzunguka kama panga. Kile kidole cha Delbert kilipindishwa hivyo hivyo. Nikatia pini, nikafungua skrubu, na Arvid akanisaidia kulishusha bomba. Nikapaka sabuni ya vyombo kwenye mfereji wake, nikaupenyeza ukingo wa kitambaa na kuuvuta taratibu hadi ukatokea upande wa pili. Ilipofika zamu ya kukaza springi, Arvid alinyoosha mkono, akisema hapo pa wanaume. Nilimwambia hapo pa mwenye turubai. Nikaizungusha mwenyewe mizunguko kumi na miwili, mikono ikiniwaka moto hadi mabegani.

Nikabonyeza kitufe. Chumba kikaingia, kitambaa kikajikunja bila kunyanzi hata moja. Watu saba waliinuka vitini wakapiga makofi. Arvid alivua kofia akasema, "Bi Upana, ningekuwa na karakana ningekuajiri." Nikamjibu kwamba ningeikataa kazi kwa sababu ya tabia ya mwajiri. Wiki iliyofuata mvua ilinyesha mchana kutwa, nami nilikaa kwenye kochi kavu nikila mkate wa mahindi kama malkia. Dolores alikuja kukagua, akalivuta turubai huku na huku, kisha akaniomba nikawapimie wajane wawili wa kambi ya jirani. Nimewapimia. Inchi zote zilikuwa sawa.

Kwa hiyo, kwa mujibu wa ahadi yetu, nimeshinda, na ningeweza kutia sahihi hapa. Lakini miaka yote niliwafundisha watoto wa watu kwamba sentensi ya uongo haiponi kwa kuwekewa mkato mahali pake.

Haukuwa upepo. Tawi la mti wa mesquite lilikuwa limeanguka juu ya turubai, nami nilibonyeza kitufe bila kupanda kutazama. Kitambaa kilipasuka na chuma kikalia, na Arvid aligonga mlango kwa ngumi zote mbili akiniita. Sikusikia chochote. Niliendelea kubonyeza, nikitazama kikombe changu, hadi nilipomwona dirishani akipunga kofia.

Masikio yangu yanakwisha, Orval. Mtu akiwa mbele yangu nasoma midomo yake, na mzaha wa Arvid haunipiti. Simu haina midomo. Novemba ulinieleza jambo refu, nami nikajibu, "Vizuri sana." Barua ya Twyla ndiyo iliyonijulisha kwamba ulikuwa ukinieleza kifo cha mbwa wako. Tangu siku hiyo naliona jina lako likiwaka kwenye simu, na naliacha lizime.

Jumanne Arvid atanipeleka Yuma kwa daktari wa masikio. Mikono yangu imekwisha kujibu swali lako, na jibu hilo silirudishi. Hili la masikio hatukuliwekea ahadi, na barabara ya kurudi Iowa ni maili elfu moja na mia tano. Huenda Aprili nikaja nikiwa nimeshika usukani, Arvid akinifuata nyuma. Huenda nikakuita uje uzichukue funguo. Sijui bado, na sitaki kusaidiwa kuamua.

Msalimu Twyla na watoto wote. Nimesikitika sana kwa mbwa wako. Alikuwa mpole kuliko wewe. Nikishaamua nitakuandikia siku hiyo hiyo, nawe unijibu kwa kalamu.

Wako akupendaye,
dada yako,
Lorena Haverkamp