Wagoni Iliyojaa Ikaitwa Tupu

Bwana yangu mdogo Kabange,

Ndiyo, nakuita bwana hata kama umekimbia nyumba. Mjukuu wa kiume ni bwana wa kambo wake, yaani nyanya yake, na bwana anayeondoka bila kuaga, kambo ana haki ya kumgombeza mbele ya watu. Njo maana barua hii nimeomba isomwe kwanza kanisani hapa Kamina, kisha ndipo ikufuate huko Likasi. Shule yangu iliishia darasa la pili, usicheke herufi zangu.

Unakumbuka siku pasteri aliposema depo ya chakula pale gare, kituo cha treni, imepata ordinatere, yaani kompyuta, na kijana pekee anayeijua ni weye? Nilivaa kitenge kipya. Uliiandikia mashine kazi yake: kilo za kila wagoni ya treni ziingie, nayo iseme ipi ina mzigo na ipi ni tupu. Nilikuletea bukari, ugali wetu, ukala bila kuangalia sahani, macho kwenye kioo. Nikakuuliza, "Hiyo kitu inajua kuhesabu kunipita?"

"Kambo, inajua kuhesabu, lakini haijue kufikiri. Njo maana banalipa miye."

"Banakulipa? Hata sabuni sijaiona."

Ulicheka. Kicheko kile njo ninachokikosa, si sabuni.

Kisha vita ikasukuma watu mpaka Kabondo-Dianda, na njaa ikawafuata. Sisi wamama wa kanisa tukapakia bunga ya mihogo. Unatujua. Tulishindilia mpaka mlango wa wagoni ukakataa kufungika, nikausukuma kwa mgongo. Tangu vita ianze hatukuwa tumeona wagoni ikijaa hivyo. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Haikuondoka. Mashine ilisema ni tupu, wakaisukuma kwenye njia ya pembeni pamoja na zile mbovu, na mvua ikainyeshea hapo. Sisi tulidhani watu wanakula. Mpaka Mama Ngoie, mmoja wa waliokimbia vita, akafika toka Kabondo-Dianda, miguu imevimba, akasimama mlangoni pa depo.

"Mulisema bunga inakuya. Tulingoya. Batoto banakula mizizi ya mu maji."

Tulipofungua wagoni, harufu ilitangulia kutoka. Nusu ya bunga ilikuwa imeoza. Mkubwa wa depo alikupigia kelele mbele ya wote, Mama Ngoie akiwa hapo.

Kesho yake ulikaa jikoni kwangu, hukugusa chakula, nikakulazimisha useme. Ukaniambia kila namba ndani ya mashine ina kasha lake. Kilo zilifika katika kasha kubwa, kisha weye ukazimwaga katika kasha dogo ambalo mwisho wake ni elfu thelathini na mbili na kitu. Wagoni yetu ilikuwa na kilo elfu arobaini. Mtu ukimzidishia mzigo atapiga kelele. Mashine yako haikulalamika. Namba ilizunguka ikatokea upande wa pili, chini ya sifuri, na weye ulikuwa umeifundisha kwamba wagoni yoyote isiyopita sifuri ni tupu.

"Haukuuliza mbele kama itaenea?"

"Niliuliza, kambo. Lakini niliuliza nyuma ya kumwanga. Kasha ndogo ikanijibu: iko muzuri, haijapita."

"Na ingejibu nini ingine? Inaona tu kile kilibakia mule."

"Njo ile. Ilipaswa niulize namba ikingali mu kasha kubwa. Iko chini ya mwanzo wa kasha ndogo? Iko juu ya mwisho wake? Kama iko inje, mashine isimame, iseme, isimwange hata kidogo."

"Na sababu gani ulichagua ndogo?"

Uliangalia moto. "Sikuwaza wagoni inaweza kujaa."

Kabange, neno lile liliniuma kuliko bunga iliyooza. Tangu upate akili umeona vitu vikipungua tu: dawa, chaki, treni, nyama. Ukatengeneza kasha la kipimo cha maisha uliyoyajua. Nitakugombeza kwa hilo? Nitagombeza vita, nayo haina masikio.

Ninachokugombeza ni kuondoka. Dereva wa treni ananiambia unabeba magunia ya makala, makaa ya jikoni, na mgongo wenyewe huna. Anasema umeapa hutagusa mashine tena, kwa sababu umewaua watu kwa njaa. Nani alikwambia hivyo? Hakuna hapa aliyelisema. Umelitunga peke yako, kwa kiburi, kama vile njaa ilikuwa inangoja weye uzaliwe.

Sasa depo wanaandika kilo kwa chaki kwenye milango ya wagoni, mvua inafuta, wanaanza kugombana. Mashine imefunikwa kitambaa. Mtu anayejua mahali ilipovunjika na namna ya kuitengeneza yuko Likasi, anabeba makala.

Juzi Mama Ngoie alirudi. Nilidhani amekuja kulalamika, nikajikaza. Akauliza, "Ule kijana wa mashine, anakulaka chakula?" Nikamwambia sijui. Akafungua kitenge chake, akatoa samaki wa kukauka aliowabeba toka kwao. "Basi akirudia, mumupatie. Alikonda sana siku ile."

Nimewaning'iniza juu ya jiko langu. Jirani ameomba mmoja nikamfukuza. Panda treni uje ule.

Mimi kambo wako, mke wako wa kwanza.