Radhi Iliyoombwa Sokoni Chwele

Mpendwa Mama Mkwe,

Leo nakuandikia bila mlango kati yetu. Miaka yote ya ndoa yangu tulizungumza vile: wewe ndani, mimi barazani, mlango umeegeshwa na maneno yakipita kwenye mwanya. Wewe ulianza kwa kukohoa. Mimi nilivua kofia, ingawa hukuwa ukiniona. Sasa umelala pale nyuma ya migomba yako, na kwa kuwa karatasi haina kizingiti, nitasema yote niliyokuwa nimeyabana.

Nasimiyu amenikuta naandika, akacheka. "Ati unamwandikia Mama? Si hata mkono hamkuwahi kusalimiana!" Nimemwambia ndiyo sababu hasa naandika.

Unakumbuka siku ya kwanza nilipokuja Chwele kumchumbia binti yako? Mimi mtoto wa Kibomet, pale Kitale, wa wazazi waliotoka Nyeri wakaja kulima Trans-Nzoia. Kwetu ukimwona mzazi wa mchumba unamnyooshea mkono, na usiponyoosha utasemwa mwaka mzima. Basi nikakujia mkono mbele, meno yote nje. Ukarudi nyuma. Nikadhani hujaniona vizuri, nikasogea. Ukapita kuku, ukapita kinu, ukajifungia jikoni. Nilibaki pale uani na mkono wangu hewani, na wajomba wa Nasimiyu wakivunjika mbavu. Kisha sauti yako ikatoka jikoni: "Mwambieni huyo kijana nimemsarimia. Rakini asinifuate huku!"

Nasimiyu anaapa alisahau kunionya. Mimi naamini alitaka kuona sinema ya bure.

Baadaye nilifundishwa. Mkwe hamshiki mkono mama mkwe, hali naye meza moja, halali naye chini ya paa moja. Nilidhani ni baridi tu kati ya watu, mpaka Nekesa alipozaliwa ukaja Kibomet kumwona. Tulikuandalia chumba, shuka mpya na kila kitu. Ukaenda kulala kwa jirani. Kila asubuhi ulisubiri nitoke kwenda kazini ndipo uingie umbebe mjukuu wako, na jioni ulikuwa umeondoka nisije nikakukuta. Lakini mezani palikuwa na mboga ya mrenda na ugali uliofunikwa, bado moto. Nilikujua kwa mapishi kabla ya kukujua kwa uso, na nikaelewa kwamba huko kukaa mbali ndiko kulikuwa kunipenda. Nilisikia wengine siku hizi wameilegeza mila hiyo, nikamtuma Nasimiyu akuulize kama na sisi tungeilegeza. Jibu lilirudi fupi: "Aache tu. Tumeshazoea."

Ndiyo maana ile simu ilinikata maini.

Mwaka huo mashine yangu ya kupukuchua mahindi iliharibika injini msimu ukianza. Wewe unajua Kitale wakati wa mavuno: ukilala siku mbili, wateja wameshachukua mashine ya mwingine. Nikaomba mkopo kwenye simu. Dakika chache, pesa zikaingia, pungufu kidogo kuliko nilizoomba, na sikuuliza kwa nini. Ile programu iliniuliza kama inaweza kusoma majina yote kwenye simu yangu, nikabonyeza ndiyo, kama kila mtu anavyobonyeza. Injini ikapona. Kisha mvua ikagoma kuondoka, mahindi hayakukauka, wakulima waliokuwa na pesa zangu hawakuuza, na mimi nikachelewa kulipa. Kwenye simu yangu ulikuwa umeandikwa Mama Mkwe. Wakopeshaji waliyapita majina mengine yote wakachagua hilo, maana anayetaka kumwaibisha mtu anajua pa kugusa.

Walikupigia siku ya soko, umekaa na vitunguu vyako, na kwa sababu ya sikio lako zito la kushoto wewe hukupokea simu ila kwa spika. Safu nzima ya akina mama wa vitunguu na nyanya ilisikia mtu asiyekujua akikuambia mkwe wako ni nani na ni nini.

Jioni Nasimiyu alikuja na simu yake mkononi, uso umembadilika. "Mama anakutaka Chwele kesho. Wewe. Si mimi." Hukuwa umewahi kuniita. Nilipanda pikipiki yangu asubuhi nikapita Kimilili bila kuona barabara. Nilijua unaniita kunirudishia mahari yangu. Nilipanga hata nitakavyomweleza Nekesa, na sikupata neno hata moja.

Ukakohoa nyuma ya mlango. Nikavua kofia.

"Baba Nekesa. Hiyo deni ni ya kweli?"

"Ni ya kweli, Mama."

"Na hiyo ingine warisema? Ati wewe ni mwizi?"

"Hiyo si kweli."

Nilisikia tu redio yako ikinong'ona huko ndani.

"Basi deni utaripa," ukasema. "Rakini nao mdomo wao wataripia. Nimesikia kwa redio kuna ofisi ya serikari inashughurika na hao watu wa kukopesha. Iko Bungoma. Sasa si twende?"

Safari ile bado inanichekesha. Mkwe na mama mkwe hawawezi kubanana kwenye pikipiki moja, kwa hiyo ulikodi bodaboda, mimi nikafuata na yangu, na nilipokaribia sana ulimgonga yule kijana begani akaongeza mwendo. Tulifika Bungoma kama watu wasiojuana.

Afisa tuliyemkuta alikuwa mama wa makamo, mtu wa mbali, aliyehamishiwa Bungoma karibuni. Alituwekea viti viwili mbele ya meza yake. "Karibu, Mama. Kaa hapa karibu na mwanao."

Ukabaki umesimama mlangoni. "Huyo si mtoto wangu," ukasema kwa ukali. "Ni mkwe."

Yule mama hakuelewa. Alidhani tumekosana, akaanza kutupatanisha! Ilibidi karani mmoja wa huko huko Bungoma amnong'oneze, ndipo akainuka mwenyewe, akageuza kiti chako kikatazama dirisha, changu akakisogeza mpaka ukutani, akarudi kukaa katikati kama refa. Akafanya kazi yake hivyo hivyo, akigeuza shingo huku na huku, na sikumwona akichoka.

Alianza na mimi, na hakunibembeleza. Deni ni langu na nitalilipa, akasema, ofisi yake haifuti madeni ya watu. Lakini je, nilionyeshwa gharama yote kabla sijabonyeza? Hapana. Niliambiwa kwa nini pesa zilifika pungufu? Hapana. Na hizi faini zinazoongezeka kila siku, niliwahi kuzikubali mahali popote? Akaniomba nimwonyeshe kila ujumbe waliotuma. Akatafuta kama wana kibali cha kukopesha. "Wanacho," akasema. "Vizuri. Mwenye kibali ana kitu cha kupoteza." Akanieleza kwamba mkopeshaji haruhusiwi kupigia watu wangu, wala kunitisha, wala kunitukana, hata kama nimechelewa namna gani. Miezi yote ile nilikuwa nikiona aibu peke yangu, kumbe mwenye kosa alikuwa pia upande wa pili wa simu. Mgongo wangu ulinyooka pale pale kwenye kiti cha ukutani.

Kisha akakugeukia wewe. "Mama, walikuambia nini hasa? Nahitaji maneno yenyewe."

Ulitazama dirisha mpaka akadhani hukusikia, akarudia kwa sauti.

"Huyo atoke kwanza," ukasema.

Nikatoka, nikasimama uani karibu na tangi la maji. Kupitia kioo niliona mgongo wako na mkono wako ukipiga hewa, na yule afisa akiandika, kisha akaacha kuandika akawa anakutazama tu. Aliponiita tena aliuliza kama nataka kusomewa ulichosema. Nilikataa. Ulishusha pumzi, Mama, mimi nilikusikia.

Haikuwa kazi ya siku moja. Tulirudi, tukangoja, wakopeshaji wakaitwa wajieleze, wakajibu kwa maneno matamu, wakaitwa tena. Mwishowe afisa alinipigia Kibomet. Faini ambazo sikuambiwa zimeondolewa. Nililochukua nitalipa kidogo kidogo mahindi yakiuzwa. Majina ya watu wangu yamefutwa kwao. Na wewe utaandikiwa barua ya kuombwa radhi.

Hapo ndipo ulipokataa. Nasimiyu alipokupelekea habari ulimwambia, naye akamwambia afisa neno kwa neno: "Mimi sikutukanwa kwa barua. Niritukanwa kwa soko, watu wakisikia. Waniombe radhi hapo hapo." Tulingoja afisa akatae. Alicheka sana kwenye simu, kisha akauliza, "Soko la Chwele ni siku gani?"

Hukujua nilikuwepo siku hiyo. Nilijibanza na pikipiki yangu nyuma ya pikapu ya kabichi, mbali kiasi cha adabu na karibu kiasi cha kusikia. Ulikuwa umevaa kilemba cha kanisani. Simu uliiweka juu ya gorogoro, kopo lako la kupimia, ulilolifudikiza, spika juu, na ilipolia hukuipokea mara moja. Ulingoja kwanza jirani yako wa nyanya, Mama Wafula, amrudishie mteja chenji.

"Tunaomba msamaha, Mama, kwa lugha iliyotumika," ikasema sauti ya kijana.

"Ongea na nguvu, hawa wa nyuma hawasikii."

Akarudia kwa nguvu.

"Na mkwe wangu ni mwizi?"

"Hapana, Mama."

"Sema."

"Mkwe wako si mwizi."

"Kwani hana jina? Sema jina yake."

Akalisema. Jina langu lote, la ubatizo na la babu yangu wa Nyeri, likatoka kwenye gorogoro mbele ya vitunguu vya Chwele kwamba si mwizi, na akina mama wakapiga vigelegele mpaka watu wa upande wa mbuzi wakaja kuuliza kuna arusi ya nani. Wewe ulizima simu. "Haya," ukasema, "nani arikuwa anataka kitunguu?" Nyuma ya kabichi mimi nilikuwa nalia, na sioni haya kulisema.

Deni nililimaliza msimu ule ule. Na nataka ujue jinsi ninavyoishi sasa, maana najua ungeuliza. Mwaka huu nimekopa tena, Mama, usishtuke. Nimeongeza mashine ya pili. Nilikaa mbele ya mkopeshaji nikauliza gharama yote kutoka mwanzo hadi mwisho, nikauliza nikichelewa itakuwaje, nikauliza simu yangu mnaitakia nini, na alipojikuna kichwa nikaenda kwa mwingine. Kukopa hakunitetemeshi tena. Vijana wa Kibomet wananijia: "Niaje, Baba Nekesa, hawa wasee wamepigia pastor wangu, nimeisha!" Nawaambia hujaisha, bana. Lipa chako, weka kila ujumbe, twende Bungoma. Na yule aliyepigiwa aje pia, aseme mwenyewe. Nawapa hadithi yako, na nikifika kwenye gorogoro wote wanasimama wima.

Nimebakiza jambo moja.

Safu ile nzima ilisikia matusi yale ya kwanza. Nimeuza na kununua Chwele miaka hii yote, nimekunywa chai na waume zao, na hakuna hata mmoja wa akina mama wale aliyewahi kunidokezea nilichoitwa. Nilijua ni wewe uliyewafunga midomo. Siku tulipokuzika, watu wakiwa wametawanyika, Mama Wafula alinifuata pale nilipokuwa nakunja viti.

"Baba Nekesa, kuna kitu nataka kukwambia."

"Kama ni yale matusi, Mama, yaache yalale."

"Hayo siwezi, aritukataza. Nataka kukwambia penye yeye arijibu." Akafuta macho kwa ncha ya leso. "Huyo kijana wa simu ya kwanza ariuriza, 'Kwani huyu ni nani yako, unamtetea hivyo?' Mamako akamwambia, 'Ni mtoto wangu. Nimemzaa mimi. Sasa ongea na mamake.'"

Nilikaa kwenye kiti nilichokuwa nakikunja.

Mbele ya afisa wa serikali ulinikana kwa sababu ya heshima. Mbele ya aliyenitukana ulinizaa. Nimekuwa nikiyageuza hayo mawili tangu siku hiyo, na yote mawili nayataka, sitaki kuchagua.

Lala vizuri, Mama. Migomba yako naipalilia mwenyewe, na nikifika hapo nakohoa kwanza. Nasimiyu anasema nimalizie kwa "mkwe wako", ndiyo adabu. Namheshimu, lakini mimi shahidi ninaye, na kila siku ya soko yuko pale Chwele, anauza nyanya.

Mwanao,
Baba Nekesa