Jicho la Ugenini

Mama,

Shikamoo. Marahaba yako sitoisikia, lakini ulinifunza nisianze neno na mkubwa bila ya salamu.

Kwanza habari za nyumba. Dari la ukumbini linavuja vile vile. Kanga zako nimezigawa, mbili nimebaki nazo. Mchele bado ni wa foleni. Kaka Othman yuko hapa, nimemtoa hospitali wiki iliyopita, analala chumbani kwako. Zile sauti bado anazisikia, lakini dawa anakunywa na hagombani na mtu. Kwa ajili yake ndiyo nnakuandikia, maana nlikukosea juu ya mwanao, ukafa sijakutaka radhi.

Unamkumbuka yule daktari mgeni, aliyekuja na madaftari yake kutoka Ulaya? Aliniita akaniuliza tulivyolelewa. Mie na mdomo wangu! Nlitaka kumchekesha, nikamhadithia jicho lako la ugenini. Tukienda kwa watu, mwenye nyumba akileta vitumbua, ulikuwa ukisema, "Kuleni, wanangu," kwa sauti tamu, na jicho linasema thubutu! Sisi tukijibu, "Tumeshiba," na matumbo yanalia. Siku moja kwa Bi Mize wa Mkunazini, Othman alikwisha shika kitumbua. Akakuangalia, akabaki nacho mkononi mpaka tukaondoka.

Daktari hakucheka. Aliandika. Kisha akaniambia mama anayesema ndiyo kwa mdomo na hapana kwa jicho humvuruga mtoto akili, na maradhi ya ndugu yangu yametoka hapo. Akasema afadhali ukae naye mbali kwa muda.

Nami nikaja nikakwambia. Ulikuwa unakuna nazi. Hukubisha, weye uliyekuwa hushindwi kwa maneno! Uliuliza tu, "Nisipokwenda, atapona?" Nikasema ndivyo asemavyo msomi. Ukaendelea kukuna.

Miezi minane hukwenda hospitali kumtazama. Kila Ijumaa ulipika ndizi za nazi, ukafunga bakuli kwa kitambaa, ukanambia, "Usimwambie nimepika mie." Othman alikula. Akiniuliza mbona huendi, nlimwambia unaumwa kifua. Mwisho akaacha kuuliza. Na kupona hakupona. Nlikuwa naona, Mama, nikanyamaza, kwa kuwa kusema ni kukiri kwamba nimekuzuia bure.

Kisha kifua kikakushika kweli. Nlipompelekea Othman habari ya msiba, alisema, "Mama alishanisusa zamani." Neno hilo nikilala nalo, nikiamka nalo.

Baada ya arobaini yako nlikwenda na mjukuu wako Salma kumrudishia Bi Mize masinia yake. Akamletea mtoto kipande cha mkate wa ufuta. Nikasema, "Kula, mwanangu." Salma akanitazama, akarudisha mkono. Ala! Jicho nimelitoa mie, wala sikujijua. Nlicheka, halafu nikalia pale pale barazani kwa watu.

Mama, mji huu nani hakulelewa na jicho hilo? Mie nimelelewa nalo, na sisikii sauti yoyote. Lingekuwa linatia wazimu, Unguja nzima ingelala wodini, na dawa ingegawa nani? Ilikuwa adabu tu, tusionekane walafi. Maradhi ya Othman yametoka wapi, sijui, Mungu ndiye ajuaye. Daktari alikuwa mgeni, hakujua. Mie nlijua, na bado nikamwachia mgeni anisomee mama yangu.

Jana nlimkalisha Othman nikamwambia yote. Kwamba aliyekuzuia ni mie, kwamba kile kifua cha mwanzo kilikuwa uongo wangu, na ndizi zile zilikuwa za mkono wako. Nlidhani atanipiga, au atanambia nitoke. Yeye akauliza, "Kwa hivyo alikuwa anataka kuja?"

Nikasema, kila Ijumaa.

Akalia, Mama. Alilia kilio cha mtu mwenye akili zake timamu, nami nikalia naye.

Niwie radhi. Maadamu mie ni hai, Othman hatokosa mtu wa kumpikia wala wa kukaa naye. Ijumaa hii nitamleta Mwanakwerekwe, kaburini kwako. Nitasimama mbali, mkae wenyewe wawili.

Mwanao,
Zuwena