Televisheni ya Bure Imo Kwenye Gunia

Baba Watoto,

Usiingie sebuleni pekupeku, vioo vimeruka hadi chini ya makochi. Chakula kiko jikoni, kipashe moto. Nyundo yako ya viatu nimeirudisha kwenye boksi.

~~Televisheni imeanguka yenyewe.~~ Nimeivunja mimi.

Si wale wa kampuni walitugawia bure ili watupigie matangazo? Tukaifunika kamera kwa kitambaa nilichodarizi, tukajiona wajanja, tukasahau kwamba ina masikio. Juzi nilikaa mbele yake nikamnong'oneza dada kwenye simu. Leo ulipotoka tu, kila tangazo likawa la uvimbe kwenye titi. Binti yako akaacha chai. "Mama, mbona wanarudia hilohilo? Nani anaumwa?"

Nikapandwa na hasira. Nyundo ya kwanza nilimtwanga nayo usoni yule daktari wa matangazo yao anayechekacheka. Ya pili, ya tatu. Picha ikazimika, sauti ikaendelea: "Wahi mapema, mama." Nikaponda mpaka ikanyamaza, damu inanichuruzika mkononi. Binti alikuja kunishika, nikamsukuma akajigonga ukutani. Akitoka shule mtazame kisogo. Mwambie hasira haikuwa juu yake.

Nimeenda hospitali, majibu yanatoka leo. Wenye televisheni yao wakija, imo kwenye gunia nyuma ya mlango.

Wiki mbili nimekuwa natafuta namna ya kukuambia. Wale wamejua kabla yako, na hilo ndilo nililokuwa naliponda.

Mama Watoto